Jua: Mwenyeji au Mkuja?

Hoja: Jua letu halikuzaliwa mahali lilipo leo ndani ya galaksi.

MTAFITI: Naanza na vipimo, maana ndivyo vilivyonishawishi. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, haikukolea sawasawa kutoka kitovuni hadi ukingoni. Kadiri unavyoingia ndani, gesi yake ina oksijeni nyingi, chuma kingi na elementi nzito nyingine kwa wingi; kadiri unavyotoka nje, zinapungua. Toka ndani kwenda nje kiasi cha miaka ya nuru 20,000, na oksijeni itakuwa imebaki kama nusu. Na si kwetu tu. Mwaka 1971 Leonard Searle alipima mwanga wa mawingu ya gesi yanayong'aa katika mikono ya galaksi za mbali, akaukuta mteremko huohuo. Sasa Jua letu lipo miaka ya nuru 26,000 hivi kutoka kitovuni, na umri wake ni miaka bilioni 4.6. Ukiliweka pamoja na nyota za rika lake zinazokaa jirani, limezidi wastani kwa elementi nzito. Mimi nasema halikuzaliwa mtaa huu. Lilizaliwa ndani zaidi, likahama.

MAALIM: Mwanangu, umefika kwenye mkuja kabla hujatueleza mji. Mteremko wenyewe umetoka wapi? Ulimwengu ulipoanza ulikuwa na hidrojeni na heli, na chembe kidogo mno ya kitu kingine. Yote mazito yamepikwa ndani ya nyota. Katikati ya galaksi gesi ilikuwa nzito na imeshonana, nyota zikazaliwa mapema na kwa wingi. Zile kubwa zikalipuka, zikarudisha zilichopika, na kizazi kilichofuata kikaanza na gesi iliyokwisha kukolea. Huko pembezoni gesi ni chache, vizazi vinakuja taratibu. Maana yake mahali ndipo panapomfanya mtoto. Hapa tulipo ni katikati ya mteremko, na Jua nalo lina kiasi cha katikati. Kwa nini nitafute safari pale ambapo makazi yananitosha?

MCHOMA CHOKAA: Niruhusuni niulize kwa kazi yangu. Mimi nachoma mawe ya maweni. Jiwe linaingia kwenye tanuu zito, ukichoma magogo usiku kucha na mchana wake, linatoka jepesi, jeupe, na ukilimwagia maji linachemka mpaka linapasuka. Mji Mkongwe wote umejengwa kwa kitu hicho. Nyinyi mnazungumza oksijeni na chuma vya juu mbinguni. Jiwe langu limo wapi katika maneno haya?

MTAFITI: Limo ndani kabisa, mzee wangu. Chukua kilo 100 za jiwe safi la matumbawe. Kilo 40 ni kalisiamu, 12 ni kaboni, 48 ni oksijeni. Moto wako unatoa kilo 44 kama hewa ya kaboni dioksidi, ndiyo maana linatoka jepesi. Unabakiwa na 56 za chokaa. Sasa kila kimoja katika hivyo vitatu kina njia yake. Oksijeni karibu yote imepikwa na nyota kubwa, zile zinazoishi miaka milioni chache hadi makumi ya milioni, kisha zikalipuka. Kaboni imetoka huko pia, lakini sehemu yake nzuri imetoka kwa nyota za wastani, ambazo hazilipuki: zinazeeka, zinavimba, zinapepeta ngozi yake polepole angani. Kalisiamu ina wazazi wawili, nyota kubwa zilizolipuka na makaa ya nyota ndogo yaliyokuja kulipuka baadaye sana. Njia za namna hii zilipangwa mwaka 1957 na Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle.

MCHOMA CHOKAA: Kwa hiyo jiwe moja, lakini viungo vyake havikuivishwa siku moja.

MTAFITI: Wala katika chungu kimoja. Na hapo ndipo tunapopata saa. Oksijeni na magnesiamu hufika mwanzo, chuma kingi huja nyuma, kwa sababu ile milipuko ya makaa inayotengeneza chuma husubiri mamia ya mamilioni ya miaka, wakati mwengine mabilioni. Nyota yenye magnesiamu nyingi kwa chuma kidogo imezaliwa katika galaksi changa. Nyota ambayo chuma chake kimeshakifikia kimo, imezaliwa baadaye. Tunasoma hayo kwenye mwanga wake, kwa mistari myeusi ambayo kila elementi huiacha mahali pake.

MAALIM: Saa nakubali. Lakini saa inakwambia lini, haikwambii wapi.

MTAFITI: Wapi inatoka kwenye mteremko, Maalim. Ukijua umri na ukijua ukolevu, unarudi kwenye mteremko na kuuliza: wakati ule, gesi yenye ukolevu huu ilikuwa umbali gani kutoka kitovuni? Kwa Jua jibu linaangukia ndani ya hapa, miaka ya nuru elfu kadhaa.

MAALIM: Sasa nikuonyeshe jambo linalonizuia nisikufuate. Nenda kaangalie nyota kubwa changa zilizo karibu nasi, zile za buluu, ambazo kwa umri wa galaksi zimezaliwa jana. Mwaka 2012 Maria-Fernanda Nieva na Norbert Przybilla walizipima kwa uangalifu mkubwa. Ukolevu wake unakaribiana sana na wa Jua. Mtoto wa jana na mzee wa miaka bilioni 4.6 wamefanana. Basi Jua lina ugeni gani hapa?

MTAFITI: Hiyo ni hoja yangu mimi! Miaka bilioni 4.6 imepita. Nyota ngapi zimelipuka hapa jirani kwa muda huo? Gesi ilipaswa kukolea zaidi na zaidi. Kama leo ndiyo kwanza imefika lilipokuwa Jua siku ya kuzaliwa, ina maana Jua lilizaliwa mahali palipotangulia. Palipotangulia ni ndani.

MAALIM: Ilipaswa kukolea kama chungu kingekuwa na kifuniko. Hakina. Mzee mwenzangu, wewe una kisima?

MCHOMA CHOKAA: Ninacho. Maji yake magadi magadi, bahari ipo karibu.

MAALIM: Kila mwaka bahari inapenyeza chumvi kwenye mwamba. Mbona kisima hakijawa chumvi tupu?

MCHOMA CHOKAA: Mvua ya masika. Inashuka tamu, inasukuma. Ukame ukizidi, ndiyo unasikia chumvi.

MAALIM: Hivyo ndivyo. Galaksi nayo inanyeshewa. Gesi changa, karibu haijaguswa, inashuka kutoka nje na kuchanganyika na ile iliyokolea. Hili halikuletwa ili kuokoa hoja yangu leo. Lilidaiwa na hesabu tangu mwaka 1962, Sidney van den Bergh, na 1963, Maarten Schmidt. Nyota ndogo zinaishi zaidi ya umri wa galaksi yenyewe, kwa hiyo zote zilizozaliwa bado zipo, unaweza kuzihesabu kama watu wa sensa. Chungu kingekuwa na kifuniko, zingekuwepo nyingi sana zisizokolea, za zile siku za mwanzo. Walipohesabu wakazikuta chache mno. Maelezo yaliyosimama vizuri ni kwamba gesi haikuwepo yote tangu mwanzo. Imekuwa ikiingia kidogo kidogo. Chumvi inapenya, mvua inashuka, na kisima kinaweza kukaa na ladha moja kwa muda mrefu. Jua na watoto wa jana wamekunywa kisima kimoja.

MCHOMA CHOKAA: Basi ushahidi ni mmoja, na kila mmoja anautia kapuni kwake. Binti yangu, una jengine ambalo Maalim hawezi kulitia kapuni?

MTAFITI: Ninalo. Mwaka 1993 Bengt Edvardsson na wenzake walichapisha vipimo vya nyota 189 za jirani, zinazofanana na Jua. Kama kila mtaa una kisima chake, nyota za rika moja zilipaswa kuwa na ladha moja. Hazikuwa. Katika rika lilelile zipo zilizokolea kushinda Jua na zipo zilizofifia mbali. Tangu hapo vipimo vimekuwa vingi mno. Chombo cha Gaia, kilichorushwa Desemba 2013, kimepima mahali pa nyota karibu bilioni 2 na mwendo wa zilizo nyingi kati yake, na darubini za ardhini zimechambua mwanga wa mamia ya maelfu. Mtawanyiko umebaki palepale. Visima vya mtaa mmoja havitoi ladha kumi. Wanywaji ndio waliotoka mitaa tofauti.

MAALIM: Au kisima hakikukorogwa. Mwaka 2021 kundi moja la wanafalaki lilitangaza kuwa hata gesi iliyo jirani na Jua leo haina ukolevu mmoja, sehemu moja na nyingine zinapishana sana.

MTAFITI: Na wengine wakarudia kupima gesi hiyo, wakaukuta ule mpishano mdogo kuliko ilivyotangazwa. Maalim, watoto wa jana uliowaleta mwenyewe wamefanana. Kama kisima hakijakorogwa, wao wamefananaje? Huwezi kuishika fimbo hiyo kwa ncha zote mbili.

MAALIM: ...Hilo umenibana. Nakubali kwamba gesi ya leo katika mtaa huu imekorogwa vizuri kuliko nilivyosema. Ya miaka bilioni 4.6 iliyopita, sijui mimi wala hujui wewe.

MCHOMA CHOKAA: Nataka kusema kitu, na mnisamehe kama nitatoka nje ya njia. Sisi tunaishi Mangapwani, hapa Unguja. Jina lenyewe lina Manga ndani yake, Uarabuni, na pwani walikoshukia. Na kuna kile chumba kilichochongwa ndani ya mwamba, kinasimuliwa kuwa kilificha watumwa baada ya Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa mwaka 1873 wa kufunga soko la watumwa. Wale watu hawakuandikwa majina. Katika kisiwa hiki swali la "wewe wa wapi" si swali jepesi, limeumiza watu. Ndiyo maana nasikia vibaya mnapolipima Jua kwa wenyeji na wakuja. Mnanihakikishia kuwa vipimo vyenu vinaweza kweli kumjua mtu alikotoka, au mnabahatisha?

MTAFITI: Mzee wangu, swali lako nalichukua kwa uzito wake. Kwa binadamu inawezekana, na kwa njia iliyo ndugu na hii. Gamba gumu la jino linajengwa utotoni, kisha halibadiliki. Ndani yake mna strontiamu kidogo, iliyotoka kwenye chakula na maji, na kabla ya hapo kwenye mwamba wa nchi ile. Mwamba wa matumbawe una sahihi yake, mwamba wa kale wa bara una nyingine. Mtu aliyekulia bara akazikwa kisiwani, jino lake bado linasema alikokulia, hata kama hakuna aliyeandika jina lake. Nyota ndogo kama Jua ni hivyohivyo. Inachopika kipo kitovuni mwake. Tabaka la juu linabaki karibu lilelile la gesi iliyoizaa. Kuuliza Jua limetoka wapi si kulinyima haki ya kuwa hapa. Ni kutaka kulijua kwa ukamilifu.

MCHOMA CHOKAA: Hapo nimekuelewa, na nimeridhika na neno lako la mwisho.

MAALIM: Mimi mfano wa jino naupenda, na ndio utakaonipa hoja yangu kubwa kuliko zote. Anayepima jino ana ramani. Mwamba wa bara bado upo, anaweza kwenda kuupima leo: huu una sahihi hii, ule ile. Miamba haikuhama. Wewe, mwanangu, unasoma jino la Jua kwa ramani gani? Mteremko unaoupima ni wa gesi ya leo. Unaouhitaji ni wa miaka bilioni 4.6 iliyopita. Gesi ile haipo tena, imekwisha kuwa nyota, imekorogwa, imenyeshewa. Huenda mteremko ulikuwa mkali zaidi. Huenda ulikuwa laini. Ukitaka kuujua, utauliza nyota za kale zilizaliwa wapi. Na ukitaka kujua zilizaliwa wapi, utahitaji ule mteremko. Unazunguka kama ng'ombe wa kinu.

MTAFITI: Ni kweli kwamba tunazunguka, lakini kila mzunguko tunakaza. Ivan Minchev na wenzake mwaka 2018 walifanya hivi: walichukua nyota za umri mbalimbali, wakatafuta mteremko wa kila zama ambao hautoi majibu ya upuuzi. Ukichagua mteremko usio sahihi, nyota changa zitaonekana kuwa zimezaliwa mbali, na tunajua hazijapata muda wa kuhama. Ukichagua mwengine, baadhi ya nyota zitaangukia mahali ambapo galaksi ilikuwa bado haijajengwa. Majibu mengi yanakufa. Yanayobaki yanaliweka Jua ndani ya hapa.

MAALIM: Yanayobaki yanabaki kwa sababu ya masharti mliyoweka. Na hilo la Jua kuzidi wenzake, tuna hakika nalo kiasi gani? Miaka ya 1990 vitabu vilisema elementi nzito ni asilimia 1.7 ya uso wa Jua. Mwaka 2009 Martin Asplund na wenzake wakashusha hadi asilimia 1.34. Mwaka 2022 wengine wakapandisha tena, karibu na pale pa zamani. Nyota iliyo karibu kuliko zote, tunayoiota kila asubuhi, na bado tunagombania imebeba oksijeni kiasi gani! Halafu kwa ziada ndogo unataka niamini safari ndefu.

MTAFITI: Nyota kwa nyota hatutumii idadi hiyo, Maalim. Tunaweka mwanga wa Jua kando ya mwanga wa nyota pacha, mstari kwa mstari, kwa mizani moja. Mizani ikiwa na kasoro, kasoro inakaa pande zote mbili na kufutika. Ziada ni ndogo, sikatai. Lakini haitegemei ugomvi huo.

MAALIM: Basi niambie limesafirije. Njia ya Jua kuzunguka kitovu ni karibu duara. Limeshazunguka mara 20 hivi, kila mzunguko miaka milioni 230 au karibu na hapo. Kitu kilichosukumwa kutoka ndani mpaka hapa kingekuwa na kovu: njia yake ingekuwa yai, ingepanda na kushuka vibaya. Jua halina kovu.

MTAFITI: Swali hili liliwasumbua wote mpaka mwaka 2002, Jerry Sellwood na James Binney walipoonyesha kuwa ipo namna ya kuhama bila kovu. Mkono wa galaksi si kamba iliyofungwa kwa nyota. Ni msongamano unaozunguka kwa mwendo wake. Mahali fulani mwendo wa nyota na mwendo wa mkono unalingana. Nyota iliyo pale, mkono ukiwa mbele yake, huvutwa mbele muda mrefu, huongezewa mzunguko, na husogea nje. Halafu mkono ule unayeyuka, maana haudumu, na nyota inaachwa pale, duara lake likiwa duara.

MCHOMA CHOKAA: Ngalawa ikienda sambamba na wimbi. Wimbi likikupata ubavuni litakuyumbisha. Mkienda pamoja linakubeba mpaka ufukweni wala chombo hakitingishiki.

MTAFITI: Sina mfano bora kuliko huo. Na wengine hubebwa kurudi ndani, vilevile.

MAALIM: Wimbi nalijua, na mwamba pia naujua. Katikati ya galaksi yetu pamekingama mhimili mrefu wa nyota, nao unazunguka. Pale mwendo wake unapolingana na wa nyota pamekuwa kama kizuizi. Baadhi ya hesabu zinaonyesha kuwa nyota iliyozaliwa ndani ya hapo inapata tabu kubwa kutoka. Kadiri unavyolizaa Jua ndani zaidi, ndivyo unavyoliweka nyuma ya mwamba huo.

MTAFITI: Isipokuwa kama mhimili umepunguza mwendo kwa muda, na zipo dalili za hivyo. Ukipungua, mahali pa kulingana pananyanyuka kwenda nje, pakibeba nyota.

MAALIM: Dalili. Kila nikifunga mlango unafungua dirisha. Sisemi haiwezekani. Nasema ninayo maelezo ya kisima, yenye gesi ninayoweza kuiona na nyota ninazoweza kuzihesabu, na wewe una safari isiyo na shahidi.

MCHOMA CHOKAA: Shahidi wa safari ni uliyesafiri naye. Nyota huzaliwa peke yake?

MTAFITI: Hapana. Wingu moja huzaa mamia, pengine maelfu. Ndugu wote wana ladha moja, maana wingu ni moja. Mwaka huohuo wa 2002 Ken Freeman na Joss Bland-Hawthorn walipendekeza tuwatafute ndugu waliotawanyika kwa ladha hiyo, elementi baada ya elementi.

MCHOMA CHOKAA: Basi nipeni ndugu mmoja wa Jua. Mmoja tu.

MTAFITI: Yupo anayedhaniwa. Ivan Ramírez na wenzake walimtangaza mwaka 2014, kwa jina la orodha HD 162826. Ni mzito kuliko Jua kwa asilimia 15 hivi, yupo miaka ya nuru 110. Ladha yake na mwendo wake vinakubaliana na ndugu.

MAALIM: Mmoja, kati ya mamia au maelfu. Na kufanana ladha si kuzaliwa pamoja; mawingu mawili ya mtaa mmoja hufanana vilevile. Mwanangu, hilo unalijua vizuri kuliko mimi.

MTAFITI: Nalijua. Ndiyo maana nimesema anayedhaniwa.

MCHOMA CHOKAA: Anaonekana?

MTAFITI: Kwa macho matupu karibu aonekane, lakini hatoki. Kwa darubini ndogo ya mkononi, ndiyo. Mwezi wa saba, saa nne za usiku, ukitazama kaskazini, upande wa Mkokotoni, kimo cha nusu ya mbingu, kuna nyota kali nyeupe inayoitwa Vega. Yeye yupo jirani nayo.

MCHOMA CHOKAA: Na huko ndani unakosema Jua lilizaliwa?

MTAFITI: Usiku huohuo, geuka kusini. Karibu na utosi wako, pale Njia Nyeupe inapovimba na kung'aa kuliko pengine popote, ndicho kitovu. Sisi tulio kusini kidogo ya ikweta tunakiona kimepanda juu. Wa Ulaya kwao kimelala ukingoni.

MCHOMA CHOKAA: Nimekiona miaka yote hiyo, nikilinda tanuu lisije likazimika. Sikujua nilikuwa natazama nini. Maalim, wewe ukitazama pale unaona nini?

MAALIM: Naona kisima kilichokolea kuliko chetu.

MTAFITI: Mimi naona nyumbani kwa Jua.

MAALIM: Njiani, kwa hesabu zako mwenyewe. Kitovuni hukulipeleka.

MTAFITI: Njiani, Maalim. Na ramani ya zamani ikipatikana, nitakuonyesha ni wapi.

MAALIM: Nitakuuliza uliichora kwa nyota zipi.